Turbo ya Uani Ipimwe, Isitukanwe

Neno "mhuni" nimelizoea. Wala huwa halitoki kwa vijana wa vijiweni. Linatoka kwa watu wazima wenye heshima zao, waliosimama kando ya barabara pale Uyole, wakisikia Corolla inapiga mluzi ikipanda, wanatikisa vichwa: "Vijana hawa na turbo zao." Kisha watu haohao wanapanda basi la Dar es Salaam. Basi lina turbo. Lori lililo mbele yake, limebeba shaba ya Zambia, lina turbo. Lori la mafuta linalokuja upande wa pili lina turbo. Hakuna anayemwita dereva wa basi mhuni. Kumbe turbo ni heshima ikitoka kiwandani, na ni uhuni ikitoka uani kwa mtu.

Mimi ni fundi wa magari, na kazi hiyo naifanyia uani kwangu, Mbeya. Turbo yenyewe nanunua chakavu, lakini kila kinachoiunganisha na injini nakiunda kwa mikono yangu: manifoldi, flanji, mabomba ya hewa, njia ya oili kwenda na kurudi. Ninachodai ni kimoja. Kazi hii, katika Nyanda za Juu Kusini, ni ufundi halali, na mahali pa kuihukumu ni kwenye geji. Anayeitukana bila kuipima amekosea. Anayeisifu bila kuipima amekosea zaidi, na hao ninao wengi ndani ya kundi langu.

Tuanze na hewa, maana ndiyo kesi yenyewe.

Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini ni kama mita 1,550. Kule Dar es Salaam hewa inakandamiza kila kitu kwa PSI 14.7, kipimo kilekile tunachotumia kujaza matairi. Mbeya inabaki PSI 12. Iringa ni 12 na ushee. Sasa, injini haiishi kwa petroli tu. Petroli bila hewa haiungui, na hewa ikipungua, kontroli boksi nayo hupunguza petroli ili mchanganyiko usiharibike. Matokeo yake ni hesabu ya shule ya msingi: Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE ya lita 1.5, iliyotoka Japani ikiwa na nguvu ya farasi 100, ikifika Mbeya inabaki na farasi 80 hivi. Mlima umeshakata moja ya tano yake kabla dereva hajatia gia ya kwanza. Pakia watu watano na magunia mawili ya viazi, shika barabara ya Chunya, ambayo inavuka mita 2,000 kabla ya kuanza kushuka, halafu uniambie kama ni uhuni mtu kutaka farasi wake 20 warudi.

Nimesema warudi, na nimelichagua neno hilo. Turbo ninayoifunga kwenye Corolla ya namna hiyo inasukuma PSI 3. Tairi la baiskeli likiwa na PSI 3 huwezi kulikalia. Lakini 12 ukijumlisha 3 ni 15, yaani hewa ya Dar es Salaam na chembe juu yake. Hesabu haitimii yote, kwa sababu hewa ikikandamizwa hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi. Ndiyo maana naweka kipoza hewa, kile ambacho mafundi tunakiita intakula. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kilichokatwa inarudi. Huyo mnayemwita mhuni anadai gari lake lilelile alilolipia.

Na wala turbo haikuzaliwa kwenye mashindano ya magari. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905, akiwaza namna ya kutumia nguvu ya moshi unaopotea bure kwenye ekzosi. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alitaka kuthibitisha kwamba turbo inaweza kuiokoa injini ya ndege kwenye hewa nyembamba. Alifanya nini? Aliipandisha injini aina ya Liberty mlimani, kwenye kilele cha Pikes Peak huko Colorado, mita 4,300 hivi, akaiwasha huko. Bila turbo injini ilikuwa imepoteza theluthi ya nguvu zake. Ikiwa na turbo ilirudi pale ilipokuwa bondeni. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo turbo ilijibu mbele ya watu lilikuwa swali la mlima. Ni swali letu. Sisi tunaoishi juu tungepaswa kuwa wa mwisho kulicheka.

Tena mlima huu umeshahukumu wakubwa kuliko Corolla. Reli ya TAZARA ilipoanza kazi miaka ya 1970, vichwa vyake vya treni vya DFH2 kutoka China vilionekana dhaifu kwenye miinuko ya kati ya Mlimba na Makambako. Miaka ya 1980 vikaletwa vichwa vya U30C vyenye nguvu zaidi. Hakuna aliyesema TAZARA imeingia uhuni. Walisema mashine haikulingana na mlima, ikatafutwa inayolingana. Mantiki hiyohiyo nikiitumia uani kwangu, kwa chombo cha mtu wa kawaida, inabadilika kuwa utundu.

"Sawa," wanasema wanaonihurumia, "basi nunua vifaa kamili kutoka nje, vimetengenezwa na wataalamu." Hoja hii inasikika ya busara, ila ina shimo katikati. Wataalamu hao wamevitengeneza kwa ajili ya hewa gani?

Nieleze kwa mfano. Mteja wangu mmoja ni mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, anaishi Iringa. Kila siku anapandisha kutoka Ipogolo kwenda mjini nyuma ya malori, na kila likizo anashuka Dar es Salaam kuwaona wajukuu. Alipokuja kwangu aliniambia, "Mwanangu, mimi sitaki mashindano. Nataka gari lipande." Nikamfungia PSI 3. Akiwa Iringa, injini yake inapata 15 na ushee, na sensa ya hewa iliyokuja na gari bado inaweza kuisoma. Sasa mwalimu anaanza safari. Anashuka Kitonga, na muda si mrefu yuko Ruaha Mbuyuni, chini sana, penye joto na mibuyu. Hewa ya pale ni karibu PSI 14. Springi ya turbo haijui kwamba tumeshuka. Inaendelea kuongeza 3 juu ya hewa inayoikuta. Sasa injini inapata karibu 17. Akifika Dar es Salaam inakaribia 18. Sensa ya kiwandani imeshafika mwisho wa kipimo chake zamani, kontroli boksi haijui kuna hewa ya ziada, petroli haiongezeki, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inaanza kugonga, na pistoni inatoboka. Gari lililokuwa zima Iringa linafia Chalinze. Na geji, muda wote huo, imesoma 3 ileile.

Maelekezo gani ya nje yatakuambia habari za Kitonga? Aliyeandika maelekezo yale anaishi kwenye tambarare, na gari lake linalala na kuamka kwenye hewa moja. Sisi tuna barabara ambayo kwa safari ya saa moja inabadilisha hewa ya injini. Kwa hiyo gari la mwalimu nililiwekea nozeli kubwa zaidi, sensa inayosoma hadi PSI 30, na kompyuta ndogo ya nyongeza ya kuongeza petroli na kuchelewesha moto wa plagi. Kisha nililipima mara mbili: mara ya kwanza Iringa, mara ya pili Ruaha Mbuyuni juani, kompyuta mpakato ikiwa mapajani mwa kijana wangu na mimi nikiwa kwenye usukani. Hiyo kazi ya Ruaha Mbuyuni haiuzwi kwenye boksi lolote. Inafanywa na mtu anayeijua njia.

Na hata kazi ya chuma yenyewe, wanaoidharau hawajaiona. Manifoldi naiunda kwa bomba zito la mvuke na kona zake, kwa sababu bomba la ekzosi la kawaida litapasuka. Moshi wa injini ya petroli iliyoelemewa unaweza kukaribia nyuzi 900 za Selsiasi. Flanji nakata kwenye bati nene la milimita 10. Naichomelea ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye silinda hedi mbovu, ili joto lisiipinde. Nikimaliza naifukia kwenye majivu ipoe polepole hadi kesho yake, maana chuma kikipoa kwa haraka hulipiza baadaye. Kisha nabandika msasa juu ya kioo kinene na kusugua uso wa flanji mpaka unyooke. Bomba la kurudisha oili lazima literemke moja kwa moja hadi kwenye sampo, bila tumbo njiani, kwa sababu oili inatoka kwenye turbo kwa kushuka tu, hakuna kinachoisukuma. Ikituama, sili zinavuja na gari linafuka moshi wa buluu. Bomba la breki lililo karibu na joto nalihamisha au nalikinga kwa bati. Mwisho naziba njia zote, najaza upepo wa kompresa, napaka povu la sabuni kila kiungo, natazama mapovu. Mhuni gani ana subira hiyo?

Lakini sitawatetea wote wanaojiita wenzangu. Tena hapa ndipo nina hasira zaidi.

Kuna mafundi, Mbeya na Iringa na kwingineko, wanaouza mluzi. Kijana anakuja na Subaru au Mark II, anataka isikike mitaa mitatu. Fundi anampa sauti. Anabana springi ya turbo kwa kuongeza washa, presha inapanda kutoka 7 hadi 15, hakuna geji, hakuna nozeli mpya, hakuna lolote. Ukiuliza umejuaje mchanganyiko uko salama, unajibiwa, "Fundi ni sikio." Hapana. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Injini ikianza kugonga chini ya mzigo, huku upepo unavuma na ekzosi inanguruma, sikio lako litapata habari baada ya pistoni. Sikio linafaa kutambua shoki iliyokufa. Kwa turbo tunahitaji geji mbili: ya presha, na ya mchanganyiko wa hewa na petroli, ambayo chini ya mzigo ninataka isome karibu sehemu 12 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Geji hiyo ya pili inaweza kugharimu kuliko turbo chakavu yenyewe, na wateja wengi hukataa kuilipia. Mteja hulipia mluzi, geji anaiona anasa. Basi fundi anayekubali kumfungia bila geji ndiye anayelipatia uhai lile neno la "uhuni". Huyo simtetei. Akiitwa mhuni, amelitafuta.

Inabaki hoja ya ajali, na siichukulii kwa mzaha, maana nimeishi karibu na barabara hii. Kila anayeishi hapa anajua majina: Mlima Nyoka, Iwambi, Inyala, Kitonga. Kila jina lina misiba yake. Mtu akiniambia, "Barabara inaua, wewe unaongeza nguvu," ana haki ya kujibiwa.

Jibu langu la kwanza: kwenye miteremko hiyo linaloogopwa ni gari lisilosimama, na kusimama ni kazi ya breki. Gari lisilo na pumzi nalo ni hatari, kwa namna isiyotangazwa. Ukilipita lori kwa Corolla ya farasi 80 iliyojaa watu, unakaa upande wa wenzako muda mrefu, ukiomba Mungu kona iliyo mbele iwe tupu. Jibu la pili: ni kweli kwamba nguvu hushawishi mguu. Kwa hiyo nina kanuni uani kwangu, na haina msamaha. Breki kwanza. Sifungi turbo kwenye gari ambalo sijafungua magurudumu yote manne, nikaona pedi, diski, ngoma na mabomba. Asiyetaka kulipia breki, namrudishia funguo zake. Nimepoteza wateja kwa kanuni hiyo, na waende salama.

Tatizo ni kwamba kanuni hiyo ni yangu peke yangu. Hakuna anayenikagua. Na hapa ndipo ninapowageukia wenye mamlaka.

Gari la mwalimu lilipokamilika nililipeleka kwenye ofisi moja, nikaomba likaguliwe. Niliwaambia nimefunga turbo, nataka mtu asiye mimi aangalie. Aliyekuwa mezani aliniuliza, "Barua ya mtengenezaji iko wapi?"

"Mtengenezaji ni mimi, mzee."

"Nina maana kampuni."

"Kampuni ni mimi."

Akanitazama juu hadi chini, akafunga daftari. "Kijana, usituletee matatizo. Gari linatembea? Basi tembea nalo."

Hayo ndiyo maelekezo rasmi niliyopata: tembea nalo. Ukitazama kadi ya gari unaelewa kwa nini. Kadi inaandika namba ya injini na ujazo wake. Turbo haibadilishi namba, haibadilishi ujazo. Kwa karatasi, gari la mwalimu na gari la yule kijana wa PSI 15 bila geji ni kitu kimoja. Serikali haioni tofauti kati ya fundi aliyepima mara mbili na fundi aliyebana springi kwa washa. Ajali ikitokea, wote wawili tutaitwa kwa jina moja.

Najua nitaambiwa kwamba nchi inathamini ubunifu. Ni kweli, inathamini kwa makofi. Tangu mwaka 2019 tuna mashindano ya kitaifa ya MAKISATU, na ni jambo jema. Masoud Kipanya alipozindua gari lake la umeme mwaka 2022 alipigiwa makofi, na alistahili. Lori la Nyumbu la kule Kibaha tunalitaja kwa fahari hadi leo. Lakini makofi hayapimi kitu. Cheti cha ushiriki ukikibandika kwenye dashibodi hakikuambii mchanganyiko ni 12 au ni 16. Mbunifu akishapigwa picha na mgeni rasmi, anarudi uani kwake na swali lilelile alilokuja nalo: nani atanihakikishia kwamba hiki nilichounda hakitaua mtu? Kumsifu fundi na kumwacha bila kipimo ni namna ya adabu ya kumtelekeza.

Na wa kupima wapo. Mbeya tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, ambacho kilianza kama Chuo cha Ufundi. VETA ipo Mbeya na ipo Iringa. SIDO imeundwa tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na kama uani kwangu si kiwanda kidogo, basi sijui neno hilo lina maana gani. Siombi mkopo. Siombi banda la maonyesho Nane Nane. Naomba Jumamosi moja kila mwezi ambapo fundi anaweza kuleta gari alilolibadilisha, akatozwa ada, likapimwa mbele yake. Fomu iwe ya ukurasa mmoja: presha ya turbo, mchanganyiko chini ya mzigo, uvujaji wa oili na petroli, breki. Chini yake jina la fundi na sahihi yake, ili gari likileta madhara ajulikane aliyelifanya. Askari akilisimamisha gari barabarani, aone karatasi. Lisilo na karatasi, lisitembee.

Hiyo sentensi ya mwisho najua itawaudhi wenzangu. Wengine tayari wananiambia kwamba nachimba kaburi la kazi yetu, kwamba tukishajulikana tutatozwa na kufungiwa. Nawajibu hivi: kazi inayoishi kwa kujificha iko kaburini tayari. Leo tunategemea huruma ya kila askari na simulizi ya kila ajali. Siku basi moja la shule litakapoungua kwa sababu ya bomba la oili lililofungwa kwa waya, hakuna atakayeuliza ni fundi gani. Zitapigwa marufuku zote, za kwangu na za yule, na mwalimu wa Iringa atarudi kuomba Mungu nyuma ya lori. Bora tukaguliwe sasa, tukiwa na hoja, kuliko kupigwa marufuku baadaye tukiwa na aibu.

Kwa hiyo watakaoamua, walio Mbeya na walio Iringa, nawapa la kufanya lisilohitaji tume wala semina. Tangazeni siku na mahali. Gari la kwanza kwenye foleni litakuwa Corolla yangu mwenyewe, si ya mteja. Ipimeni kila mnachojua kupima. Ikishindwa, nitaing'oa turbo palepale mbele yenu, spana ninazo. Ikifaulu, niandikieni.